Pasi imepita kati ya konabeki na sefti: kosa ni la nani?

Tunazungumzia futiboli ya Kimarekani (American football), ambako konabeki ni mlinzi wa pembeni anayemkaba mpokeaji, yaani mdaka pasi wa wapinzani, na sefti ni mlinzi wa nyuma kabisa. Mpira umekwenda yadi 40 hewani, mpokeaji ameudaka peke yake, na kamera inamwonyesha konabeki kashika kiuno. Mtangazaji anasema ameachwa. Dakika tano baadaye, kwenye makundi ya WhatsApp, jina lake limeshakuwa tusi. Mara nyingi kijana huyo alikuwa palepale alipoagizwa awe. Aliyetakiwa kuwa nyuma yake ni mtu mwingine, na huyo mwingine hata kwenye picha hayupo, kwa sababu televisheni hubana kamera karibu na mpira na masefti hubaki nje ya fremu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yule anayetaka kujua hasa kilichovunjika: shabiki anayekesha akiangalia NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mzazi wa Kiswahili aliyeko Marekani ambaye mwanawe kawekwa beki kwenye timu ya shule, au kijana mwenyewe aliyelaumiwa na bado haelewi alikosea wapi. Anza na dalili uliyoiona, kisha fuata vyanzo vyake kimoja kimoja. Aliye karibu na mpokeaji wakati mpira unatua siye lazima mwenye kosa.

Kabla ya yote: walikuwa wanacheza Kava gani?

Huwezi kumlaumu mtu kabla hujajua alipewa kazi gani. Kava ni mpango wa timu wa kuzuia pasi, na namba yake kwa kawaida hueleza ni walinzi wangapi wamegawana eneo la nyuma kabisa. Kava 1 ina sefti mmoja nyuma na wengine wanakaba mtu kwa mtu. Kava 2 ina masefti wawili, kila mmoja na nusu ya uwanja, na makonabeki wanabaki mbele pembeni. Kwenye Kava 3 makonabeki wawili wanarudi nyuma pamoja na sefti mmoja wa katikati, kila mtu na theluthi yake. Kava 4 ina makonabeki wawili na masefti wawili, robo kwa robo.

Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja. Sefti wa Kava 2 analinda karibu yadi 27 za upana, konabeki wa Kava 3 karibu 18, na mlinzi wa Kava 4 kama 13. Hesabu hizi zina kazi. Anayelinda yadi 27 akichelewa hatua moja, hiyo ni hatua aliyokuwa nayo mpokeaji tangu mwanzo.

Kwenye video, hesabu masefti mara mbili: mpira unapoanzishwa, na tena sekunde mbili baadaye. Timu nzuri huficha, husimamisha wawili nyuma halafu mmoja anashuka, au kinyume chake. Kisha mwangalie konabeki. Kama kageuza kiuno kuelekea ndani na macho yake yako kwa kwotabeki (mrusha pasi), analinda eneo. Kama amempa kwotabeki mgongo na kumkodolea mpokeaji kiunoni, ni mtu kwa mtu. Mwisho, tazama amesimama upande gani wa mpokeaji. Aliyesimama upande wa nje anamwambia kila mtu kwamba msaada wake uko ndani. Akipigwa ndani, usimhukumu bado. Kamtafute huyo msaada.

Dalili ya 1: Mpokeaji kadaka karibu na mstari wa pembeni, yadi 18 hadi 22, konabeki yuko mbele yake na sefti anafika kachelewa

Hili ndilo shimo maarufu la Kava 2, na ndilo linalozua ugomvi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Chanzo cha kwanza ni konabeki kutomgusa mpokeaji mwanzoni. Kava 2 imejengwa juu ya mgongano huo. Konabeki anamsukuma mpokeaji, anamlazimisha apite ndani au achelewe, na ucheleweshaji huo ndio unaompa sefti muda wa kutoka katikati mpaka pembeni. Mpokeaji akiachwa apite kwa nje bila kuguswa, sefti ameshindwa kabla hajaanza kukimbia. Kwenye NFL mgongano huo unaruhusiwa ndani ya yadi 5 tu tangu kanuni ya mwaka 1978, ambayo watu huiita kwa jina la Mel Blount, konabeki wa Pittsburgh Steelers aliyekuwa akiwabana wapokeaji mpaka wanapotea. Kwenye vyuo na shule za sekondari za Marekani mlinzi ana uhuru mkubwa zaidi wa kumgusa mtu aliye mbele yake kabla mpira haujarushwa. Kwa hiyo kijana wa sekondari anayemwacha mpokeaji apite bure ana udhuru mdogo kuliko yule wa NFL. Simamisha video mpokeaji akiwa kwenye yadi ya 5. Kama jezi yake haijaguswa na yuko upande wa mstari, umeshapata nusu ya jibu.

Chanzo cha pili ni konabeki kula chambo. Mashambulizi hutuma watu wawili kwenye eneo lake: wa nje anasimama yadi 5 au 6, wa ndani anakimbia nyuma yake kuelekea kwenye kibendera cha kona. Mshika mbili moja humponyoka, na wabunifu wa mbinu hii walimtaka huyu konabeki kwa sababu hiyohiyo. Kanuni anayofundishwa ni kurudi chini ya ile pasi ndefu kwanza, kisha kupanda mbele mpira ukishatoka mkononi. Pasi ya mbele yake inagharimu yadi 6. Ya nyuma yake inagharimu 20 na pengine tachidauni, yaani kufungwa. Kipimo ni hiki: kwotabeki anapoinua mkono, je, kulikuwa na mtu yeyote katika lile eneo fupi la pembeni? Kama hapakuwa na mtu na konabeki bado kaganda yadi 6, kosa ni lake peke yake, alikuwa analinda nyasi. Kama palikuwa na mtu, tazama kina chake. Akiwa yadi 10 au 12, anarudi nyuma huku akiona mbele, amefanya kazi yake, na lawama inahama.

Chanzo cha tatu ni sefti kushikwa katikati. Mpokeaji wa ndani anakimbia moja kwa moja kwenye mshono, yaani uwazi kati ya eneo la mlinzi mmoja na la mwingine, kwotabeki anamtazama kwa sekunde nzima, sefti anasita, halafu mpira unakwenda nje. Hapa angalia miguu kabla ya kuangalia mwendo. Hatua yake ya kwanza ilikwenda wapi? Sefti mzuri wa Kava 2 hurudi nyuma akipanuka. Aliyerudi nyuma moja kwa moja, au mbaya zaidi akaelekea ndani, alishaukosa mpira huo hata kama ana kasi ya swala.

Kuna jambo hapa ambalo nadra kulisikia likisemwa. Vijana huiga masefti wa NFL na kujipanga kwenye zile alama za katikati ya uwanja. Lakini alama hizo haziko mahali pamoja. NFL zimeachana futi 18 na inchi 6 tu, kwa hiyo sefti aliyesimama juu yake yuko yadi 23 na nusu hivi kutoka mstari wa pembeni. Kwenye vyuo zimeachana futi 40, naye atakuwa yadi 20 kutoka mstari. Kwenye sekondari zimegawa uwanja mafungu matatu sawa, na umbali unakuwa karibu yadi 18. Halafu mpira wa sekondari ukianzia kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unabaki na nafasi pana ajabu. Sefti wa upande huo akikariri sehemu ya kusimama badala ya kupima nafasi, atachelewa kila wiki na kila wiki ataambiwa hana kasi.

Chanzo cha nne hakionekani kabisa kwenye eneo la tukio: lainibeki wa kati, mlinzi anayesimama mbele ya masefti. Tampa Bay Buccaneers, chini ya Tony Dungy na Monte Kiffin, waliifanya Kava 2 iwe na jina lao kwa kumrudisha lainibeki wa kati mpaka nyuma, akazibe ule uwazi kati ya masefti wawili. Masefti wakawa huru kupanuka. Kiffin alikuwa bado anaongoza ulinzi huo, kocha mkuu akiwa Jon Gruden, walipoibomoa Oakland 48–21 kwenye Super Bowl (fainali ya NFL) ya Januari 26, 2003, na mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa sefti, Dexter Jackson, aliyenasa pasi mbili za wapinzani. Sasa geuza. Kama lainibeki amedanganywa na kubaki mbele, sefti anaona mshono uko wazi na anaingia ndani kuuziba. Uwazi unatokea pembeni. Watu wanamlaumu konabeki, wengine sefti, na aliyeacha mlango wazi alikuwa katikati ya uwanja, yadi 20 kutoka hapo.

Na kipo chanzo cha tano, nacho ni muda. Kwotabeki akikaa na mpira sekunde nne bila mtu kumfikia, hakuna Kava itakayosimama. Hesabu kabla ya kunyoosha kidole.

Dalili ya 2: Konabeki anakimbia nje ya mpokeaji, mpokeaji kakata ndani kuelekea milingoti ya goli, nyuma hakuna mtu

Ukiiona hii, mtafute sefti kabla hujasema lolote. Konabeki aliyesimama nje alifanya hivyo kwa makusudi.

Kesi ya kawaida ni Kava 4. Sefti kwenye mfumo huu anamsoma mpokeaji wa pili kutoka nje. Huyo akienda moja kwa moja nyuma, sefti anabaki naye. Akikata mapema, sefti anakuwa huru kumsaidia konabeki kwa upande wa ndani. Mashambulizi yanajua kanuni hiyo, kwa hiyo yanamtuma yule wa pili akimbie kama yadi 12 hadi 15 kisha akate kuingia katikati, kwa sura ya kuvutia kabisa. Sefti anamrukia. Nyuma ya mgongo wake mpokeaji wa nje anakata kuelekea golini, na konabeki aliyekuwa akitegemea msaada wa ndani amebaki peke yake upande usiofaa. Mchezo huu unaitwa Mills, kutokana na Ernie Mills, mpokeaji wa Chuo Kikuu cha Florida Steve Spurrier alipoanza kukinoa mwaka 1990. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado unawala watu kila Jumamosi na Jumapili.

Uamuzi: kama sefti alipanda mbele kumfuata mkataji huku lainibeki akiwa tayari chini ya pasi hiyo, kosa ni la sefti. Kama mkataji alikuwa wazi kabisa kwa sababu malainibeki wote walivutwa mbele, sefti alikuwa anazima moto wa mtu mwingine, na tatizo linaanzia huko.

Konabeki naye hasafishwi moja kwa moja. Kama alisimama nje yadi tatu kutoka kwa mtu wake, akiukabidhi upande wote wa ndani kwa mwenzake bila hata kugeuka, basi ametegemea kupita kiasi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anatakiwa ajue msaada uko wapi na bado akimbie kana kwamba unaweza kuchelewa, kiuno kikielekea kwa mpokeaji, akiziba nafasi kwa kila hatua.

Angalia pia kama ulikuwa mchezo wa mbio za uongo. Kwotabeki anajifanya kumkabidhi mpira mkimbiaji, sefti wa Kava 4 ambaye pia ana kazi ya kuzuia mbio anapanda hatua tatu, kaingizwa mkenge. Hatua moja anaweza kuirudisha. Tatu haziwezekani. Wachezaji wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia ndio wanaosema ukweli: wakirudi nyuma kuzuia badala ya kusonga mbele kusukuma, ni pasi. Sefti anayewatazama wao haingii mkenge mara nyingi.

Dalili ya 3: Pasi imepita kwenye mshono dhidi ya Kava 3, sefti wa kati kachelewa upande mmoja

Wapokeaji wanne wanakimbia moja kwa moja. Sefti wa kati ana watu wawili, mmoja kila mshono, na hawezi kuwa kwa wote. Hapo konabeki wengi hufanya kosa la kimya: wanang'ang'ania mpokeaji wa nje kana kwamba wako mtu kwa mtu, ilhali theluthi yao inaanzia karibu na huo mshono. Konabeki wa Kava 3 anayeona watu wawili wanakuja kwa kasi upande wake anatakiwa akae katikati yao, arudi nyuma, na aende mpira unapokwenda. Ni kazi ngumu, inahitaji moyo, maana kwa sekunde mbili utaonekana kama humkabi mtu yeyote.

Seattle Seahawks wa Richard Sherman, Kam Chancellor na Earl Thomas ndio mfano wangu hapa. Misimu minne mfululizo, 2012 hadi 2015, hakuna timu iliyoruhusu pointi chache kuliko wao, na Februari 2014 waliikandika Denver 43–8 kwenye Super Bowl. Msingi wao ulikuwa Kava 3, mfumo ambao kila timu ya sekondari inaufahamu. Kilichofanya ufanye kazi ni kwamba Thomas aliweza kufika kwenye mishono yote miwili, na kwa sababu hiyo Sherman aliweza kumbana mtu wake kwa nje bila wasiwasi. Timu nyingi zilijaribu kunakili mchoro bila kuwa na Thomas. Ukiona timu yenu inapigwa mshono kila wiki na sefti anafika akiwa amechoka, tatizo huenda ni kocha anayemwomba kijana wa kawaida afanye kazi ya Earl Thomas. Suluhisho ni kuwapa malainibeki wa pembeni kazi ya kuwagusa na kuwasindikiza wale wa ndani mpaka yadi 12 au zaidi.

Dalili ya 4: Walinzi wawili kwa mpokeaji mmoja, mwingine yuko peke yake

Hii ndiyo dalili ya kutegeana, au kinyume chake, wote kumrukia mmoja. Hutokea zaidi wapokeaji wanapopangwa karibu karibu, wawili mbele na nyuma au watatu kwenye rundo, halafu wakapishana mara mpira unapoanza. Wa nje anakuwa wa ndani, wa ndani anakuwa wa nje. Kama konabeki anasema "nina huyu" akimaanisha mtu, na sefti anasema "nina wa nje" akimaanisha yeyote atakayetokea nje, wamekubaliana kwa maneno na wametofautiana kwa kazi.

Chanzo karibu siku zote ni mdomo. Kagua video kabla mpira haujaanza: je, wawili hao walitazamana? Kuna mkono uliinuliwa, kidole kilichooneshwa? Timu iliyokaa kimya mbele ya rundo imeshafungwa.

Mfano wa jambo hili likifanywa sawasawa ni mpira ule wa Malcolm Butler, Februari 1, 2015. Ulikuwa kati ya makonabeki wawili, ila somo ni lilelile. Seattle wako yadi 1 kutoka tachidauni, sekunde 26 zimebaki, New England wanaongoza 28–24. Jermaine Kearse kasimama mbele, Ricardo Lockette nyuma yake. Brandon Browner alimchukua Kearse, akamzuia palepale kwenye mstari asimletee Butler kizuizi njiani. Butler, kijana asiyechaguliwa na timu yoyote kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya), alikuwa amepigwa kwa mchezo kama huo mazoezini, safari hii akatimka moja kwa moja kwenye njia ya Lockette na kunasa mpira. Watu humkumbuka Butler. Mimi kila nikiirudia video hiyo macho yangu huenda kwa Browner, kwa sababu bila mgongano ule Butler angekwama nyuma ya watu.

Dalili ya 5: Wote wawili wapo, na bado mpira umedakwa

Hapa Kava haina kosa. Kilichovunjika ni pembe ya kukimbilia, uamuzi wa kuruka, au kutojua hali ya mchezo. Na kesi hizi ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu mtu alikuwa mahali pake.

Januari 12, 2013, Denver. Broncos, wenyeji, wanaongoza 35–28, Baltimore Ravens hawana taimauti (nafasi ya kusimamisha saa) hata moja, wako kwenye yadi yao ya 30, dauni ya 3, yaani jaribio la tatu. Joe Flacco anarusha mbali upande wa kulia kwa Jacoby Jones. Konabeki Tony Carter alimwachia apite, akitegemea sefti yuko nyuma yao. Sefti Rahim Moore kweli alikuwa anakuja. Lakini alikuja kwa pembe iliyomweka mbele ya mpokeaji badala ya nyuma, akaruka, mpira ukampita juu ya vidole. Yadi 70, tachidauni, zikiwa zimebaki sekunde 31. Ravens walishinda 38–35 katika muda wa ziada wa pili, na hatimaye wakachukua Super Bowl ya msimu ule.

Weka kesi hii kwenye meza ya uchunguzi. Je, Carter alikosea kumwachia? Kwa mpangilio ule, kumkabidhi mpokeaji kwa sefti ni jambo la kawaida, ingawa katika sekunde kama zile angeweza kuendelea kurudi nyuma pia. Moore ndiye mtu wa mwisho, na kanuni ya mtu wa mwisho haina masharti: hakuna anayepita nyuma yako. Angekaa nyuma ya Jones na kumwacha adake kisha amwangushe uwanjani, Baltimore wangelazimika kuharakisha bila taimauti. Hukumu ya Moore ni ya haki. Ila ni hukumu ya pembe na ya kuruka, tofauti na ya kutokujua kazi, na mazoezi ya kuirekebisha ni tofauti vilevile.

Miaka mitano baadaye, Januari 14, 2018, Minneapolis. Saints wanaongoza Vikings 24–23, zimebaki sekunde 10, Vikings nao hawana taimauti. Case Keenum anamtupia Stefon Diggs pembeni. Sefti Marcus Williams, akiwa msimu wake wa kwanza, anainama kumkata miguu, anamkosa Diggs na kumwangusha mwenzake Ken Crawley. Diggs anashika mpira, anajishikiza kwa mkono chini, anakimbia mpaka mwisho. Yadi 61, 29–24. Williams angemsubiri Diggs atue kisha amkumbatie ndani ya uwanja, saa ingeisha au ingebaki kidogo mno. Aliogopa kusababisha faulo ya kumgusa mpokeaji hewani, na kwenye NFL faulo hiyo hupeleka mpira palepale ilipotokea. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini tazama pia nafasi ya Crawley: wote wawili walifika kwenye mstari mmoja, hakuna aliyebaki nyuma kama akiba. Wawili wakienda kwenye mpira, mmoja anabaki nyuma. Hilo halikuwepo.

Halafu upo upande wa pili wa sarafu hiyo. Januari 23, 2022, Bills wanaongoza Chiefs kwa pointi 3 na sekunde 13 zimebaki. Patrick Mahomes anampa Tyreek Hill yadi 19, kisha Travis Kelce yadi 25, Harrison Butker anapiga mkwaju wa yadi 49 wa kusawazisha, muda wa ziada, Chiefs 42–36. Walinzi wa Bills walikaa mbali nyuma na nje, kana kwamba wanalinda mistari ya pembeni. Kulinda pembeni ni sahihi dhidi ya timu isiyo na taimauti, kama Vikings na Ravens hapo juu. Chiefs walikuwa nazo tatu. Katikati ya uwanja hapakuwa na gharama kwao. Konabeki na sefti wanaweza kukimbia vizuri, kuzungumza vizuri, na bado wakapigwa kwa sababu walilinda sehemu isiyohitaji kulindwa. Kwa hiyo kwenye dalili hii ya tano, kabla ya kuangalia miguu, angalia ubao: saa, taimauti, yadi zinazohitajika.

Ukiwa unasahihisha vijana

Usianze na yule aliyepitwa. Waite wawili pamoja, simamisha video kabla mpira haujaanza, umuulize kila mmoja kimyakimya, mwenzake asisikie: "Hapa kazi yako ilikuwa ipi, na msaada wako ulikuwa wapi?" Majibu yakigongana, mazoezi ya kasi hayatasaidia kitu. Tatizo ni lugha, na linatibiwa kwa kuchagua neno fupi moja kwa kila jambo na kulipigia kelele mpaka lizoeleke. Watoto wetu wanaosema Kiswahili nyumbani na Kiingereza uwanjani wakati mwingine huwa wakimya si kwa kutojua, bali kwa kusita juu ya neno. Mpe neno mapema. Mpe na ishara ya mkono, maana uwanja ukiwa na kelele hata lugha ya mama haisikiki.

Majibu yakikubaliana, basi shuka kwenye macho, kisha miguu, kisha pembe, kwa mpangilio huo. Macho yakikosea, miguu hufuata.

Dalili hailingani na yoyote hapo juu

Inatokea. Picha ya televisheni inakatika, hujui sefti alianzia wapi. Kuna wanaopima kwa kumwangalia nani kanyanyua mikono kumlalamikia mwenzake baada ya mchezo. Usikitumie kipimo hicho; anayelalamika kwanza ni mwenye sauti tu. Subiri video ya makocha, ile inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22. Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, na ukishaona tachidauni ya yadi 60 usingizi unakuruka. Lala kwanza. Video hiyo ikipatikana, isogeze mpaka kwotabeki anapoinua mkono, isimamishe, na uhesabu nani yuko nyuma ya nani.